Kabla ya Jina

Kivinjari kinapofika kwenye seva hakina maneno mengi. Mstari wake wa kwanza unataja ukurasa unaotakiwa. Haupiti muda kabla ya kuja mstari unaoanza na neno Host, nukta mbili, kisha jina la tovuti ambayo mgeni anaamini ameifikia. Anaamini tu, kwa sababu seva yenyewe haijui. Imewashwa, inasikiliza, ina tovuti arobaini kwenye diski yake, na zote arobaini zinapatikana kwa anwani moja ya namba. Mgeni ndiye anayekuja na jina, na seva inakuwa tovuti hiyo kwa muda wa jibu moja. Akija mwingine na jina jingine, inakuwa nyingine.

Mwanzoni mstari huo haukuwepo. Itifaki ya HTTP 1.0, kama ilivyoandikwa kwenye waraka wa Mei 1996, iliridhika na mgeni anayetaja ukurasa tu, kwa kudhani kwamba aliyefika kwenye anwani ameshajua amefika kwa nani. Dhana hiyo ilikuwa na bei: kila tovuti ilihitaji anwani yake. Anwani za toleo la nne la IP zina biti 32, kwa hiyo hazifiki bilioni 4.3 hata ukizihesabu zote, na waliokuwa wakiuza nafasi kwenye seva walikuwa wakitumia anwani nzima kwa ajili ya kurasa mbili tatu za duka. Toleo la 1.1, lililotangazwa Januari 1997, likaufanya mstari wa Host kuwa sharti. Seva ikipokea ombi la 1.1 lisilo na jina, inatakiwa ilikatae kwa namba 400, yaani ombi bovu. Vivinjari vikubwa vilikuwa vimeshaanza kuutuma mstari huo kabla sheria haijaandikwa, jambo la kawaida katika ufundi huu.

Kwetu sharti hilo lilikuja kuwa zito kuliko lilivyokuwa kwa walioliandika. AFRINIC, asasi inayogawa anwani kwa Afrika nzima kutoka Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005, wakati sehemu kubwa ya bilioni hizo ilikuwa imeshakwenda Marekani, Ulaya na Asia. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake ya mwisho. Chama cha akiba na mikopo cha Kisumu kikifungua tovuti leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitaishi kwenye anwani moja na watu kisiowajua.

Kila kinachotendeka ndani ya seva ya namna hii, basi, kina upande wake: kimetendeka kabla jina halijajulikana, au baada yake. Jina likishatajwa, kila tovuti inaweza kuwa na sheria zake na siri zake. Kabla ya hapo kila kitu ni cha wote. Nimekaa na seva za Apache muda mrefu, nikiziwasha na kuzizima, na karibu kila balaa la tovuti kuingiliana nililowahi kuitiwa lilitokana na mtu aliyesahau yuko upande upi.

Apache yenyewe ilianza 1995, pale waendesha tovuti wanane walipoamua kukusanya pamoja viraka walivyokuwa wameiwekea seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, ambayo mwandishi wake, Rob McCool, alikuwa ameshaondoka. Desemba mwaka huohuo wakatoa toleo la 1.0. Hosti pepe, kama tunavyoziita tovuti zinazochangia seva, huandikwa kwenye faili la mipangilio kwa mistari michache. Kuna mabano ya VirtualHost yenye nyota na namba ya poti, 80 au 443. Ndani yake ServerName inataja jina rasmi, ServerAlias inataja majina ya pembeni, na DocumentRoot inaonyesha folda yenye kurasa. Mwanafunzi huandika haya siku ya kwanza, yakafanya kazi, akadhani ameelewa.

Kinachomsubiri ni mgeni mwenye jina ambalo halimo. Apache haimfukuzi. Inampa hosti pepe ya kwanza, ile iliyosomwa kabla ya nyingine kwa anwani na poti hiyo. Hakuna neno linaloitangaza kuwa ndiyo chaguo-msingi. Nafasi yake ndiyo cheo chake. Na kwa kuwa mafaili yenyewe husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, Debian na Ubuntu huliita faili la mwanzo 000-default.conf, sifuri tatu zikiwa zimewekwa makusudi ili lisitanguliwe na lolote. Msimamizi mwenye haraka akiliondoa kwa kuona halina kazi, cheo kinahamia kwa anayefuata kwa herufi.

Tuseme anayefuata ni baa. Kwenye seva hiyohiyo kuna shule, ambayo fundi wake aliandika jina bila www na akasahau kuliongeza lenye www kwenye ServerAlias. Mzazi anayetafuta matokeo ya mtihani anaandika www kwa mazoea, na ukurasa unaofunguka una bei ya nyama choma na picha ya bendi ya Ijumaa. Juu kwenye kivinjari bado pameandikwa jina la shule. Mwalimu mkuu atapigiwa simu kwamba wadukuzi wamevamia, na kwa jioni nzima hakuna atakayemwamini akikana. Kumbe jina lililoletwa halikutambuliwa, na seva ikafuata alfabeti.

Upo mtego mwingine, mbaya zaidi kwa kuwa unafanana na uangalifu. Apache hulinganisha anwani kwanza, jina baadaye. Hosti zenye nyota zinakubali anwani yoyote, lakini mtu akiongeza hosti moja yenye anwani kamili ya namba badala ya nyota, wageni wote wanaoingia kwa anwani na poti hiyo wanakwenda kwake. Zile zenye nyota hazifikiriwi tena, hata kama jina linalingana herufi kwa herufi. Tovuti thelathini na tisa zinapotea kwa mstari mmoja ulioandikwa kwa nidhamu. Amri ya apachectl -S huchapisha hosti zote kama seva inavyozielewa, ikionyesha nani ametangulia wapi, na mimi simwamini msimamizi anayelisoma faili lake bila kuisoma orodha hiyo. Faili linaeleza alichokusudia tu.

Dawa yangu ni kuweka kwa makusudi hosti ya kwanza isiyo ya mtu yeyote, isiyo na kurasa, inayowajibu wote wasiotambulika kwa namba 404. Wapo wenzangu wanaoona huo ni uchoyo, afadhali mgeni aonyeshwe kitu. Lakini wapo watu wasiojulikana ambao majina yao yanaelekea kwenye anwani yako, mengine yakiwa masalia ya aliyekuwa na anwani hiyo zamani, mengine yakiwa hila, na sioni kwa nini kurasa za mteja wangu zijitokeze chini ya jina la mtu asiyemjua.

Hayo ni ya jina lisilotambulika. Yanayonivuta zaidi ni yale yanayotendeka wakati hakuna jina lolote, seva inapowaka na mgeni wa kwanza hajafika.

Kwenye Linux, Apache huwashwa na mtumiaji mkuu, root, kwa kuwa kwa desturi poti zilizo chini ya 1024 hazifunguliwi na mtumiaji wa kawaida. Inasoma mipangilio yake yote, inaitupa, kisha inaisoma tena tangu mwanzo. Ya kwanza ni jaribio, ya pili ndiyo ya kazi. Fundi aliyeandika kitu kitendeke wakati wa kuwasha, akakiona kimetendeka mara mbili, anaweza kupoteza mchana mzima akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Kisha poti zinafunguliwa, mafaili ya logi yanafunguliwa, na ndipo mchakato uliowashwa na root, yaani mzazi, unapozaa watoto. Watoto wanavuliwa madaraka: wanafanya kazi kama mtumiaji duni, www-data kwenye Debian, na wao ndio wanaozungumza na wageni. Mzazi anabaki na nguvu zote wala hazungumzi na mtu wa nje.

Hendla za kuwasha ni vipande vya programu vinavyoambatishwa kwenye hatua hizo. Aliyewafungulia mlango huo waandishi wa lugha ya Perl ni Doug MacEachern, ambaye mradi wake wa mod_perl ulianza 1996 na kumwingiza mkalimani wa Perl ndani ya seva yenyewe. Katika mod_perl 2, iliyotoka 2005, unaweza kuweka hendla wakati logi zinafunguliwa, nyingine baada ya mipangilio kusomwa, nyingine kila mtoto anapozaliwa, nyingine anapokufa. Kwenye mwongozo majina ya hendla hizo yamepangwa kama vyeo vya ofisini: PerlOpenLogsHandler, PerlPostConfigHandler, PerlChildInitHandler, PerlChildExitHandler. Kati ya la pili na la tatu kuna mpaka usio na alama yoyote kwenye ukurasa. Hapo ndipo mzazi anapogawanyika.

Kilichopakiwa kabla ya mpaka huo kinarithiwa na watoto wote karibu bure. Linux hainakili kumbukumbu ya mzazi papo hapo; watoto wanasoma ileile, na sehemu yake hunakiliwa pale tu mmoja wao anapoiandika. Moduli nzito ya megabaiti 20 ikipakiwa na mzazi inabaki megabaiti 20 kwa watoto hamsini. Wakiipakia kila mmoja kivyake, ni gigabaiti nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kumbukumbu ilipokuwa ghali, hesabu hiyo iliamua mashine ngapi zinunuliwe. Na urithi wenyewe haudumu. Perl huweka hesabu ya marejeleo ya kila kitu, na hesabu hiyo inakaa pamoja na kitu chenyewe, kwa hiyo mara nyingi hata kusoma ni kuandika. Kadiri mtoto anavyohudumia wageni ndivyo anavyojilimbikizia nakala zake, mpaka seva inamwachisha kazi baada ya idadi ya wageni iliyopangwa na kumzaa mwingine. Hili hunishangaza kila ninapolifikiria: mtoto anauawa kwa sababu amekuwa wa kipekee mno.

Vipo visivyofaa kurithiwa. Fundi anaona kuunganisha na hifadhidata kunachelewesha, anafungua muunganisho mmoja ndani ya mzazi, na watoto hamsini wanarithi soketi moja. Mmoja anauliza salio la mteja, mwingine anauliza orodha ya bidhaa, maneno yao yanachanganyika, na jibu linamwendea aliyewahi kusikiliza. Siku za wageni wachache hakuna kinachoonekana. Ndiyo maana moduli ya Apache::DBI ina njia ya kusubiri mtoto azaliwe, ndipo imfungulie muunganisho wake mwenyewe.

Namba za nasibu ni hatari zaidi, kwa kuwa kosa lake halipigi kelele. Namba hizo hutoka kwenye mbegu, na mzazi akishaipanda kabla ya kugawanyika, kila mtoto anaondoka na mbegu ileile na kutoa namba zilezile kwa mfuatano uleule. Tovuti inayotengeneza msimbo wa kubadilisha nywila kwa njia hiyo itampa mgeni wa mtoto wa tatu msimbo ambao mgeni wa mtoto wa kwanza ameshaupata. Mei 2008 Debian ilitangaza kasoro iliyogunduliwa na Luciano Bello: badiliko lililofanywa kwenye OpenSSL mwaka 2006 lilikuwa limeiacha namba ya mchakato kuwa karibu tofauti pekee kati ya mbegu moja na nyingine. Namba hizo zilikuwa hazizidi 32,768. Funguo za siri zilizotengenezwa kwa karibu miaka miwili kwenye mashine hizo zikawa zinaweza kuorodheshwa zote na kujaribiwa moja baada ya nyingine.

Sasa ziweke zile tovuti arobaini ndani ya mambo haya. Kinachopakiwa wakati wa kuwasha kinapakiwa kabla ya jina lolote, hata ukikiandika ndani ya mabano ya hosti pepe moja. Mabano yanamlaghai msomaji. Fundi wa shule anaandika moduli yenye nywila ya hifadhidata ya shule na kuiita Mipangilio. Fundi wa baa naye, asiyemjua mwenzake, ana moduli iitwayo Mipangilio. Perl ikiombwa kupakia jina ambalo limeshapakiwa inaona kazi imekwisha na kupita, kwa hiyo aliyetangulia kwenye faili ndiye Mipangilio wa wote. Baa inaanza kuandika oda za bia kwenye hifadhidata ya shule. mod_perl 2 inaweza kuipa kila hosti mkalimani wake kwa chaguo la PerlOptions +Parent, na bei yake ni ile kumbukumbu uliyokuwa umeiokoa kwa kurithisha.

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga Magomeni au Temeke anaijua hali hii. Kila chumba kina kufuli lake, lakini mita ya umeme ya LUKU ni moja, na anayepikia jiko la umeme usiku analipiwa na nyumba nzima. Kufuli halikuwahi kuahidi lolote kuhusu umeme. Jina nalo halikuwahi kuahidi kutenganisha programu. Lilibuniwa kuwaelekeza wageni. Tuliolitwisha kazi ya ukuta ni sisi tunaouza nafasi kwa bei ya chini, na tulifanya hivyo kwa sababu wapangaji wengi hawaulizi ukuta umejengwa kwa nini.

Kwenye lugha ya PHP, ambayo kwa njia ya WordPress inaendesha tovuti nyingi za wapangaji hawa, hatari ilikaa mahali pengine. Kila ombi huanza upya bila kurithi chochote cha programu, lakini programu zote zilikuwa zikitendeka chini ya www-data yuleyule, kwa hiyo hati ya baa iliweza kulifungua faili la wp-config.php la shule na kusoma nywila yake. PHP ilijaribu ulinzi ulioitwa safe_mode, kisha ikauondoa kabisa kwenye toleo la 5.4, mwaka 2012. Jibu lililodumu ni PHP-FPM, iliyoingizwa rasmi 2010, ambapo kila tovuti inaweza kupewa kundi lake la michakato chini ya mtumiaji wake. Docker, 2013, ikalisogeza wazo hilo mbele zaidi. Zote zinafanya jambo moja: zinaurudisha mgawanyiko nyuma, ili utenganishaji uwe umeshakamilika kabla mgeni hajataja jina.

Usimbaji fiche uliligusa tatizo hilihili kwa upande ambao wengi hawakuutazamia. Kwenye HTTPS seva hutakiwa kuonyesha cheti chake kabla mazungumzo ya siri hayajaanza, na mstari wa Host umo ndani ya siri hiyo. Seva ilitakiwa kuthibitisha jina lake kabla ya kuambiwa inaitwa nani. Haikuwezekana ila kwa kurudi kulekule: cheti kimoja, anwani moja. Juni 2003 ukaandikwa utaratibu wa SNI, unaomruhusu mgeni kulitaja jina katika salamu ya kwanza, kabla ya siri. Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuuelewa, na XP iliendelea kupewa matengenezo mpaka Aprili 2014. Kwa miaka zaidi ya kumi, basi, msimamizi aliyewajali wageni wake wa mikahawa ya intaneti alinunua anwani nyingine kwa kila tovuti iliyohitaji kufuli la HTTPS, au aliiacha bila kufuli. Wengi waliiacha. Desemba 2015, Let's Encrypt ilipoanza kumpa cheti cha bure kila aliyeomba, anwani hazikuwa kikwazo tena, na visingizio vyetu vikaisha.

Lakini SNI ilifanya kazi kwa kulitanguliza jina, na kilichotangulia siri kinapita wazi. Kampuni ya simu inaliona jina hilo. Anayetaka kuifunga tovuti moja hahitaji tena kuifunga anwani na kuwaumiza majirani thelathini na tisa. Anasoma jina likipita na kumkatia huyo mmoja, wengine wasijue. Utaratibu uliobuniwa ili watu waweze kuishi pamoja ukawa ndio unaowezesha kumtoa mmoja wao bila fujo.

Tangu 2023 Chrome na Firefox zinaweza kulifunika na hilo. Salamu inakuwa na sehemu mbili: ya nje inataja jina la pamoja la mwenye seva, na ya ndani inabeba jina halisi likiwa limefichwa kwa ufunguo ambao seva imeuchapisha kwenye DNS, mfumo wa majina ya intaneti. Anayetazama njiani anaona anwani na jina la pamoja, basi. Akitaka kuifunga shule itabidi aifunge anwani nzima, na baa ndani yake, au aiache. Kinga hiyo inazidi nguvu kadiri wapangaji wanavyokuwa wengi kwenye anwani moja, na tovuti iliyojinunulia anwani ya peke yake itatambulika kwa anwani hiyo hata jina lake likifichwa.